Kitunguu Hakijui Nani Amekikata

Kuna mchuzi wa kuku ambao huwezi kuupika ukiwa na haraka. Waethiopia wanauita doro wat. Doro ni kuku, wat ni mchuzi, na jina linaishia hapo. Halikuambii lolote kuhusu kilo moja na nusu ya vitunguu vinavyoingia kwa kuku mmoja. Wengi wetu hapa Nairobi tumeujulia mezani, kwenye mikahawa ya Hurlingham na Kilimani: sinia limetandikwa injera, mchuzi mwekundu uliokolea katikati, yai la kuchemsha limekaa juu kama mwenye nyumba. Unakula kwa mkono, unalipa, unaenda zako. Zile saa tatu au nne zilizoingia humo ndani hazionekani kwenye bili.

Nataka kuuliza kuhusu hizo saa. Siku hizi tumependa sana kusifu chakula cha polepole. Simu zimejaa vidio za sufuria zinazotokota na muziki laini nyuma, ati pika kwa upendo, usiharakishe. Chapati za mathe zilikuwa tamu kwa sababu alizikanda kwa roho safi. Pengine ni kweli. Lakini kila nikisikia hivyo najiuliza: huo uvumilivu tunaousifu ulikuwa wa nani, na kuna mtu aliyewahi kumuuliza kama anataka kuutoa?

Kabla ya kujibu, ni haki tuujue mchuzi wenyewe, maana kuna watu hukimbilia maadili kabla sufuria haijapata moto.

Nilifundishwa kuupika na jirani yangu, mama mmoja wa Addis Ababa ambaye ameishi Nairobi miaka mingi. Kiswahili chake ni cha Eastleigh, kifupi, hakina salamu ndefu. Unakata vitunguu vyekundu vidogo vidogo sana, vyote. (Vingi sokoni hutoka Tanzania, na miaka ya karibuni vingine vimekuwa vikiingia kwa njia ya Moyale, kwa hivyo huenda unachokata kimezaliwa nchi moja na mchuzi wenyewe.) Unaviweka kwenye sufuria nzito juu ya moto mdogo. Bila mafuta. Hapo ndipo Mkenya hushtuka, sisi tuliolelewa na kitunguu kimoja cha kukaangwa haraka na nyanya mbili. Bila mafuta, bila chumvi, na mwiko hautoki mkononi.

Sababu ni hii. Karibu sehemu tisa kwa kumi za kitunguu ni maji, na maji yakiwa bado ndani, joto la kitunguu haliwezi kupita sana nyuzi 100. Sukari yake haiwezi kugeuka rangi kwa joto hilo. Lazima maji yatoke kwanza, na yanatoka taratibu. Ukiongeza moto, chini kunaungua na juu kubichi. Ukiacha kukoroga, vivyo hivyo. Baada ya nusu saa vitunguu vimelegea na kuwa rangi ya waridi, na wewe unadhani umefika.

"Mama, sasa vimeiva?"

"Bado."

Dakika kumi tena. "Na sasa?"

"Bado, mwanangu."

Nadhani hilo ndilo neno alilonifundishia mchuzi mzima. Hakuwa akiangalia saa. Alikuwa akisikiliza: vitunguu vyenye maji hulia kwa sauti ya mvua, na vikikauka sauti inashuka, inakuwa kama mtu anayesugua viganja. Ndipo ikaingia samli yao, ile iliyochemshwa na viungo na kuchujwa, halafu berbere. Berbere ni pilipili kavu nyekundu iliyosagwa pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, uwatu, korarima, yaani iliki yao yenye maganda makubwa kuliko yetu, na vingine ambavyo kila nyumba ina mkono wake. Hiyo nayo inakaangwa polepole hadi ubichi utoke. Usipoikaanga vya kutosha, mchuzi unakwaruza koo badala ya kuwasha, na kuna tofauti. Kuku huingia mwisho, akiwa amevuliwa ngozi, ameoshwa kwa ndimu na chumvi mara nyingi kuliko unavyoweza kuamini. Hakuna unga wa kuongeza uzito. Uzito wote ni kile kitunguu kilichokubali kuyeyuka.

Sasa turudi kwenye swali. Ninachotaka kusema ni kwamba katika sufuria hii kuna madeni mawili, na kwa muda mrefu yamechanganywa hadi yakaonekana moja. Kuna deni linalodaiwa na kitunguu, na kuna deni linalodaiwa na watu.

La kitunguu umeshaliona. Ni saa nzima au zaidi ya kukoroga, na hakuna ujanja. Deni hili halina chuki na mtu. Halikupimi tabia, halikuulizi umeolewa au la. Profesa akikoroga, kitunguu kitachukua muda uleule. Mtoto wa Form Three akikoroga, vilevile. Kitunguu hakijui nani amekikata.

Deni la watu ni lingine kabisa. Kwa desturi ya nyanda za juu za Ethiopia, kuku wa doro wat anakatwa vipande 12, kila kimoja kwenye kiungo chake, mfupa usivunjwe ovyo. Wapo wanaosema idadi hiyo ni kwa ajili ya mitume 12. Iwe ni mitume au si mitume, msichana alipofika umri wa kuolewa, ukataji huo ulikuwa mtihani. Mkono wake ulichunguzwa. Vipande vikitoka 11, au kimoja kikiwa kimechanika, kuna mama mkwe mahali fulani aliyekuwa ameshapata jibu. Na kila kipande kina mtu wake: kuna cha baba, kuna cha mgeni, kuna cha watoto. Anayekata lazima ajue ramani ya heshima ya nyumba nzima, na yeye mwenyewe anajikuta kwenye kona ya hiyo ramani.

Usicheke. Kwetu Magharibi, firigisi, tunayoiita imondo, ni ya baba mwenye nyumba au mgeni mzito. Mgeni asipoiona kwenye sahani anaweza kuondoka na kinyongo cha miaka. Na kuna wakati, si zamani sana, nyanya zetu wengi hawakuruhusiwa kumla kuku kabisa. Walimfuga, wakamkimbiza uani, wakamnyonyoa, wakampika, wakampakua, halafu wakala mboga. Kwa hivyo mtu akiniambia kuhusu vipande 12 vya Waethiopia, siwezi kujifanya nasikia habari za mbali. Hata leo hapa mjini, msichana anaulizwa kwa utani unaouma: kwani hata chapati hujui? Chapati yenyewe haijali. Anayejali ni shangazi.

Kuna jambo jingine nalipenda kulifikiria. Kuchinja, kwa desturi yao, ni kazi ya mwanamume. Dakika tano, labda kumi ukihesabu kutafuta kisu. Kisha kuku anaingia jikoni na kutoka mikononi mwa wanaume hadi atakaporudi akiwa mchuzi. Mzigo wa familia umegawanywa, tukiambiwa, kila mtu na sehemu yake.

Lakini ukitaka kuona madeni haya mawili yakigongana, angalia sikukuu. Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na mfungo mkubwa kabla ya Pasaka ni siku 55. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna siagi, hakuna mayai. Doro wat ina vyote vilivyokatazwa isipokuwa maziwa, na hata hayo yamo kwa jina la samli. Ndiyo maana mchuzi huu ndio unaofungua mfungo. Usiku wa kuamkia Pasaka, Fasika wanavyoiita, watu wako kanisani hadi saa tisa usiku. (Na ni saa tisa kweli, kama yetu, Waethiopia nao huanza kuhesabu saa jua likichomoza. Ni majirani wachache duniani tunaoweza kupanga nao miadi bila kutoa sita.) Wanarudi nyumbani na mishumaa, wanafungua, wanakula.

Sasa jiulize, mchuzi ulipikwa lini? Ulipikwa Jumamosi. Na aliyeupika alikuwa amefunga. Fikiria hilo kidogo. Saa nne juu ya sufuria yenye samli na kuku baada ya siku 55 bila hata tone la maziwa, na haonji. Hawezi kuonja, mfungo haujaisha. Chumvi anaipima kwa macho, pilipili kwa pua, na kuiva kwa masikio, kama jirani yangu. Kila mtu nyumbani amengoja siku 55. Yeye amengoja siku hizo hizo, kisha akangoja huku ameshika mwiko.

Mimi naona kuna utakatifu hapo, na sitaki kuupuuza kwa sababu tu nimesoma makala mbili kuhusu kazi za nyumbani zisizolipwa. Ndiyo, niliwahi kumuuliza jirani yangu kwa maneno ya kizunguzungu kama haoni kwamba desturi hii inamwonea. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua kupitia dirisha.

"Hiyo saa ni yangu," akasema. "Watoto hawaniiti. Simu iko mbali. Ni mimi na Mungu na kitunguu."

Hapo lazima mtu anyamaze kidogo. Sisi vijana tuna tabia ya kwenda kwa mama zetu na neno "ukandamizaji" kama fundi aliyekuja na nyundo tu. Mtu anayejua kazi yake hadi kuisikia kwa masikio ana kitu ambacho wengi wetu maofisini, tunaosogeza faili kutoka folda moja hadi nyingine, hatujawahi kuonja. Ukimwambia kwamba kazi hiyo ni minyororo, umemtukana mara mbili: umedharau ustadi wake, na umemfanya mjinga asiyejua maisha yake.

Hata hivyo sikubali kwamba jibu lake linamaliza hoja. Alichokipenda yeye ni deni la kitunguu: ile saa, kule kusikiliza. Sikumsikia akisema anapenda kuosha kuku mara saba peke yake, kumenya mayai 12 peke yake, kuosha sinia saa kumi alfajiri wakati wengine wamelala wameshiba. Hayo mengine yamejificha nyuma ya ile saa yake nzuri, yakapita getini pamoja nayo kama wageni wasioalikwa harusini. Ndivyo inavyofanyika kila mahali. Tunachukua sehemu moja ya kazi ambayo kweli ina uzuri, tunaisifu kwa sauti kubwa, na kwa sifa hiyo tunafunika sehemu nyingine kumi ambazo hazina uzuri wowote, ni kazi tu, na yeyote angeweza kuzifanya.

Najua mizani hii imeinama upande gani kwa sababu niko upande uliopendelewa. Mimi ni mwanamume na napika. Nikipika doro wat na kualika marafiki kwangu, wanatoa simu kabla ya kunawa mikono. "Wewe! Umepika hii yote?" Naambiwa nitamfurahisha mtu siku moja, kana kwamba nimejifunza kupiga gita. Dada yangu anapika kila siku ya Mungu kwa watu watano, na sijawahi kuona mtu akipiga picha sufuria yake. Kitunguu ni kilekile, gesi ni ileile ya kilo sita inayoisha ukiwa katikati. Tofauti ni kwamba jioni yangu inahesabiwa zawadi na jioni zake zinahesabiwa wajibu. Mama yetu ndiye usiseme. Tangu nimjue, sijamwona akiketi mezani wageni wakiwepo. Anakula mwisho, amesimama, ameegemea mlango wa jikoni, akisema hana njaa. Tulipokuwa wadogo tuliamini kwamba mama zetu hawasikii njaa kama sisi.

Basi, watu husema, teknolojia itatuokoa. Nunua blenda. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu za kiufundi: ukisaga vitunguu hadi vikawa uji, vinatoa maji yote kwa mpigo, unachemsha supu badala ya kukausha, na mara nyingi uchungu unabaki. Mashine inayokatakata bila kusaga ni sawa kabisa, na mama wengi wa Kiethiopia walio ughaibuni wanaitumia bila kuomba msamaha kwa mtu. Jirani yangu anayo. Machozi ya kukata vitunguu kwa kisu si kiungo. Hayaongezi ladha. Yeyote anayekuambia kwamba mchuzi hauwi wa kweli mpaka mpishi alie, muulize yeye alilia lini mara ya mwisho jikoni.

Lakini njia ambayo watu wa tabaka letu hutumia kweli, tuseme ukweli, si blenda. Ni mtu. Nyumba nyingi za Nairobi zinazosifu chakula cha kupikwa polepole zina msichana aliyetoka kijijini, anayeamka saa kumi na moja, na ndiye anayekoroga. Mwenye nyumba anaonja, anaongeza chumvi kidogo, anasema "nimepika". Dada mmoja amekombolewa kutoka jikoni kwa kumweka dada mwingine, wa bei ya chini. Na huyo naye amemwachia bibi mtoto wake kule nyumbani. Mnyororo huo ni mrefu kuliko nchi yetu: wasichana wa Kenya na wasichana wa Ethiopia wanakutana kwenye majiko ya Riyadh na Beirut, wakipikia watu wengine chakula cha polepole. Kuajiri mtu si dhambi. Mlipe vizuri, mpe siku yake ya kupumzika, kula naye meza moja. Ila usiniambie kwamba umepata muda. Muda haupatikani. Umenunua wa mtu, na ungependa kujua ulilipa bei gani.

Kwa hivyo nimejiwekea kipimo kimoja rahisi ninapotazama kazi yoyote ya nyumbani. Ikibadilisha mikono, mchuzi utaharibika? Ukinipokonya mwiko dakika ya hamsini na kumpa mtu asiyejua sauti ya kitunguu, ndiyo, utaungua. Hapo ujuzi unadai heshima yake, na anayejua ndiye asimame. Lakini kumenya vitunguu saumu, kuosha kuku, kuchemsha mayai, kupangusa jiko lililorukiwa na berbere (na hutoka kwa shida, nakwambia), kupeleka takataka, hayo yakibadilisha mikono mchuzi hautajua. Basi yakibaki kwa mtu mmoja mwaka baada ya mwaka, hiyo si desturi ya upishi tena. Kuna watu wamekaa sebuleni.

Mtu ataniambia nimeutoa mchuzi utamu wake kwa kuuhesabia. Kwamba upendo haupigiwi hesabu. Nimelifikiria hilo, na naona mara nyingi anayesema upendo hauhesabiwi ni yule ambaye hesabu ikipigwa atapatikana anadaiwa. Anayetoa huwa anajua idadi. Muulize mama yako ni chapati ngapi za Krismasi. Atakuambia bila kufikiri.

Waethiopia wenyewe wana kitu mezani ambacho nakipenda zaidi kuliko mchuzi. Wanakiita gursha. Unamega injera, unaizungushia nyama na mchuzi, unaifanya donge kubwa kuliko adabu, na humtii mdomo wako. Unamlisha mwenzako kwa mkono wako. Huwezi kukataa, na huwezi kubaki na hadhi yako. Mtu mzima umefumbua mdomo kama kifaranga, mchuzi unachuruzika kidevuni. Mkubwa anaweza kumlisha mdogo, mdogo mkubwa, mgeni mwenyeji. Kwa dakika hiyo ile ramani ya vipande 12 inavurugika kidogo.

Kwa jirani yangu mwaka huu wageni walikuwa tisa. Alipomaliza kupakua akageuka kurudi jikoni, na kaka yake mkubwa, mzee mwenye mvi aliyesafiri kutoka Moyale kwa basi, akamshika mkono, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamtengenezea gursha ya kwanza. Kipande alichoweka ndani kilikuwa kile ambacho kwa desturi ni chake yeye. Hakutoa hotuba. Mama akatafuna kwa muda mrefu, macho yamemwagika kidogo, labda ni pilipili. Kisha akasema chumvi imepungua, maana hakuwa ameonja.

Mwanawe alikuwa jikoni wakati huo, na kuku wa pili kwenye beseni, kwa ajili ya wageni wa jioni. Maji ya tano, ndimu ya sita. Akauliza kwa sauti kutoka kule kama tayari ameshatakata.

"Bado," akajibiwa na watu watatu kwa pamoja, midomo imejaa.